Siku Nilipotandika Kapeti Nyeupe, Watu Wakaleta Kilio

Chekeni tu, mimi mwenyewe sasa nacheka, lakini baada ya siku ile nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda sokoni, maana pale mtaani kwetu Katuba kila aliyeniona aliniuliza kama leo tena kuna maiti kwangu.

Nia yangu ilikuwa nzuri. Mama mkwe alikuwa ameletwa kutoka kijijini Lukafu na kifua kibaya, akalazwa, na siku ile mume wangu alikwenda kumtoa hospitali aje apumzike kwetu. Sasa mimi na yule mama hatukuwa na ugomvi, hapana, ila hatukuwa na kitu kingine pia: salamu, chakula, kwaheri. Alikuwa hajawahi kulala kwangu tangu niolewe, na nilitaka safari hii anipende, basi, nimesema. Baridi ilikuwa imeisha, joto la Septemba limeingia na vumbi lake jekundu, nami nikaitazama kapeti yetu ya salon, pale sebuleni, ile nzito ya kahawia iliyokunywa vumbi tangu tuhamie, nikajiambia mgonjwa wa kifua hawezi kupumua juu ya kitu kama hiki. Nikanunua kapeti mbili nyepesi, nyeupe kama maziwa (ndiyo, nyeupe, Lubumbashi, wakati wa vumbi, najua).

Kosa langu lilikuwa dogo: badala ya kusogeza viti upande huu kisha upande ule kama mtu mwenye akili, nilitoa vyote nje. Fotei zetu za kukalia, meza, televisheni, vyote uani. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikavua viatu, nikatandika kapeti zangu katika salon tupu, pakapendeza kweli, kisha nikatoka kuipiga ile ya zamani kwa mti wa ufagio. Vumbi likanirukia lote. Nikakohoa, machozi yakatiririka, kitambaa kikateleza, nikakishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, na ndipo jirani yangu Mama Kapinga akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Béa! Nini? Ni mama wa hospitali?"

Nilitaka kujibu, kikohozi kikanikatiza. Nikatikisa kichwa tu, yaani ngoja kwanza, naye akaelewa kwamba mama hayupo tena, akaita watu waje.

"Yooo! Mamaa eee! Bantu bakuye!"

Hapo ndipo nilipojiona kwa macho yake. Kwetu mtu akifa, viti vya salon vinatolewa nje na wanawake wanakaa chini. Nilikuwa nimepanga kilio kizima kwa mikono yangu, kilikosa maiti tu.

Nikakimbilia maji jikoni, na niliporudi, salon ilikuwa imejaa wamama, miguu myekundu juu ya kapeti zangu, wanalia. Nikapaza sauti: "Hajakufwa! Iko muzima! Anakuya sasa hivi!"

Mama Kapinga akanikumbatia. "Ndiyo, mama, siye bote tunasemaka vile. Lia tu, usibakishe mu roho."

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonihurumia. Mmoja akanimwagia maji usoni. Nje vijana walikuwa wanaweka matawi barabarani, alama ya msiba, mwingine anauliza turubai itafungwa wapi, na simu yangu ilikuwa imekaliwa, sijui na nani. Niliogopa jamani. Mama wa watu anatoka hospitali, anakuta mkaza mwanawe amemfanyia kilio akiwa hai! Nani angeamini kwamba sikumtakia kifo? Ndoa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Teksi ikasimama. Nikasikia mlango, kisha sauti nyembamba, ya kifua kibaya, lakini ikazipita zote:

"Mutoto wangu! Eee Mama Béa, mutoto wangu! Mi njo nilikuwa wa kwenda mbele, weye juu ya nini?"

Wamama wakageukia mlango. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini anauliza mbona nimemtangulia. Mama mkwe ameona viti nje na matawi barabarani. Mwanawe yuko naye ndani ya teksi, watoto amewaona njiani wakitoka shule. Basi aliyekufa ni mimi. Yule mama alikuwa ananililia mimi.

Nikaruka miguu ya watu, nikatoka, uso umejaa tope la vumbi na maji. Akaniacha nisimame mbele yake, akanitazama, akanishika mashavu, halafu akanipiga kofi la bega.

"Weye iko muzima?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nani njo anakufwa?"

"Mama… banasema ni weye."

Mume wangu akafumba macho. Mama mkwe akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akaingia salon kwa kuniegemea, akaketi katikati ya waliomlilia, akamwambia Mama Kapinga: "Lia tena, nisikie."

Kapeti nimezifua mpaka mikono ikachubuka, zimekataa kuwa nyeupe. Nami nimeapa, sitoi tena hata kigoda nje kabla ya kupita kwa majirani wote kusema: "Bamama, minafagia tu." Mama mkwe alikaa kwetu mpaka mvua zikaanza, na tangu siku ile jina la Mama Béa amelisahau kabisa. Akinitaka ananiita mutoto wangu, hata mbele ya wageni, nami naitika haraka, na aibu yangu yote.