Firigisi ya Baba

Mwaka huu Sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga huku ughaibuni, tumeila kwa kaka yangu, Richmond Hill, na mpaka leo chakula kile hakijanishuka. Si kwamba kilikuwa kidogo, kilikuwa tele. Bata mzinga aliletwa kutoka dukani ameshaokwa na kukatwa vipande vyembamba, kila mtu kapangiwa kiti chake, na wifi yangu kawasha mishumaa inayonukia mdalasini. Baba, ambaye tangu apigwe kiharusi anaishi kwa kaka, chumba cha chini, alikuwa amekaa na sahani yake mbele, hajaigusa. Anangoja. Nilijua anangoja nini, maana na mimi nilikuwa nangoja.

Hebu nikurudishe nyuma kidogo. Tulikulia Crescent Town, ghorofani, watu sita vyumba viwili. Oveni yetu haikuwa ya kuokea, mama alihifadhi humo masufuria. Kwa hiyo mwaka wa kwanza alipopewa bata mzinga kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiogesha bibi za watu, habari za kuoka hakutaka hata kuzisikia. Ndege mwenyewe kagandishwa kama jiwe. Tukamlaza kwenye beseni la kuogea usiku kucha, asubuhi tukaenda kanisani sote hatujaoga. Tuliporudi mama akashika kisu akaanza kumkatakata, amchemshe na tangawizi kama jogoo mzee.

Katikati ya kukata nikamsikia anaguna. Firigisi haipo. Kwetu, wewe unajua, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mke anayepakua kuku bila firigisi ana kesi ya kujibu. Mama akawalaani waliomchinja, akasema hawa wamekula firigisi ya mume wangu, akamwita jirani wa mlango wa pili, mama wa Kikongo, aje ashuhudie. Jirani alikuwa ametutangulia nchi hii. Akapenyeza mkono penye shingo, ambako kisu kilikuwa hakijafika, akatoa kifuko cha karatasi: firigisi, ini, moyo, vyote vimo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Tangu hapo kila mwaka kazi ya kutoa kifuko ikawa ya jirani, na alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Mlango wetu siku hiyo haukufungwa. Harufu ya pilau ilijaa korido mpaka kwenye lifti, na aliyepita akaitwa aingie, ale. Tulikula chini, mkekani, sinia moja, nje majani yakipukutika na baridi ikianza kuuma, na sisi habari hatuna.

Firigisi ililetwa peke yake kwenye kisahani, imekaangwa kwa pilipili manga. Baba aliikata vipande vidogo, akatuita mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Anakulisha kwa mkono wake na kukwambia neno: wewe umekua, wewe umemsaidia mama yako. Alifanya kazi kiwandani zamu za usiku. Mwaka mzima tulimwona kalala tu, lakini siku ile alitutazama usoni. Akimaliza kugawa, yeye hakubakiwa na kitu, na kaka yangu akagombania kulamba kisahani. Kaka huyu huyu.

Basi kule Richmond Hill baba akauliza taratibu firigisi iko wapi. Wajukuu wakatazamana, mmoja akamwuliza mama yake kwa Kiingereza babu anataka nini. Wifi akasema kwa adabu tu kwamba bata wa dukani huja bila vitu hivyo. Yeye simlaumu. Kaka ndiye aliyenichoma, alicheka akasema, "Baba, siku hizi hizo wanapewa paka."

Baba hakukasirika. Alishika kisu chake, akawatazama wajukuu mmoja mmoja, kuanzia mdogo.

"Sasa hawa niwagawie nini?"

Kaka aliinamia sahani, watoto wakarudi kwenye simu zao. Mama hayupo tena duniani, jirani alihamia Mount Dennis, upande mwingine wa jiji, na baadaye tukapoteana, na mimi nikakaa pale namtazama baba akila vile vipande vyembamba, roho inaniuma.

Kesho yake nilinunua pakiti nzima ya firigisi. Zipo tele kwa wauza nyama, hata hazina thamani. Nikazikaanga kwa pilipili manga nikampelekea. Alionja moja, akasema mama yako angeongeza chumvi. Zilizobaki akazikata vipande vidogo, akazifunika kwa kisahani, akaniambia niziache hapo mezani, watoto wakirudi shule atawaita.

Jioni nikampigia simu, nikamwuliza kama watoto wamekula.

"Bado," akasema. "Nimewaita. Nadhani wanakuja."