Ubao Uliooza Ndani

Kiwandani walimwita Chaki. Kwa miaka ishirini na sita alikagua mbao: anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaandika daraja. Ilipoletwa mashine yenye kamera, aliambiwa aifundishe. Akaifundisha nyufa, mafundo na ukungu, mpaka ikamshinda kwa kasi. Asante ya punda ni mateke: akapewa ufagio.

"Si ungeificha hata kitu kimoja?" mkewe alimlaumu.

"Nimeficha, mama watoto. Kule kugonga wanadhani ni mazoea yangu tu. Kamera ina macho, haina masikio. Watanitafuta kwa tochi."

Siku moja, akifagia, aliona ubao umepita na alama ya daraja la kwanza. Mkono ukamwasha, akaugonga. Ukalia kama debe tupu. Angenyamaza, lakini ubao ule ungekuwa ngazi ya nyumba ya mtu.

"Zimeni! Huu umeoza!"

Wakaupasua, ndani ni unga mtupu. Msimamizi akatoka mbio, na Chaki akauegemeza ufagio ukutani, akijua ameagana nao.

Msimamizi akarudi na maikrofoni, akaifunga juu ya mashine.

"Haya, mzee wangu, gonga tena. Polepole, isikie vizuri."

Akagonga.