Choo cha jiji kimefunguliwa kwa kopo langu

Jamani, leo jiji la Joburg limezindua choo kwa kopo langu mimi. Na sicheki.

Mkutano wa mtaa ulituuliza wachuuzi pesa ya kodi ijenge nini hapa kwenye robot yetu, taa za barabarani tunapouzia: choo au bustani ya maua.

Mikono yote ikaenda kwa choo. Hata wasusi wa Kikongo, ambao hawakubaliani hata na kioo, walinyoosha.

Leo ndiyo uzinduzi. Hema, spika, utepe.

Mimi ni mtu wa Tanga, siingii chooni bila kopo la maji. Nikasimama mbele kabisa na kopo langu, mkojo nimeubana tangu asubuhi.

Utepe ukakatwa. Vigae vinang'aa! Mkubwa mmoja wa jiji akaflashi choo mbele ya kamera.

Hata tone la maji.

Akarudia. Fundi akamnong'oneza, nikasikia: bomba halijaunganishwa, hiyo ni kazi ya idara nyingine.

Eish.

Yule bwana akageuka, akaniona. "Mama, niazime hicho kikopo."

Akamimina maji yangu chooni, akatabasamu, wakapiga picha. Watu wakapiga makofi! Kisha wakatia kufuli mlangoni, wakaenda kula.

Nimeshikishwa kopo tupu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, hatua fupi fupi, mnaelewa.

Kinyaa kitupu. Nyie mngempa?

Picha zao zikitoka, tazameni kopo la bluu. Choo chetu hakijawahi kuona maji mengine.