Kandambili za Mdomoni mwa Duara

Siku msimamizi alipozoa kandambili zote na kuzitia kwenye kiroba, nilimpigia kelele hadi wanunuzi wa mawe wakasimama. Eti wageni wenye mtaji wanakuja, na pale juu ya shimo panaonekana kama mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Nikamwambia, "Rudisha! Hizo ni watu!"

Ninyi mnaoingia machimboni sasa, nisikilizeni toka siku yangu ya kwanza. Nilitoka Kharumwa na cheti cha kidato cha nne, watoto wangu pacha, Kulwa na Doto, nimewaacha kwa bibi yao. Mkuu wa winchi, ile mashine ya kushusha watu kwa kamba, alinikalisha mdomoni mwa duara, yaani shimo lenyewe la dhahabu. Kazi yangu kujua nani yuko chini. Baruti haiwashwi mpaka mimi niseme, "Wametoka wote."

"Majina usiyashike moja moja," alinifundisha. "Yafunge matita kama kuni. Wa Nkome pamoja, wa Bukombe pamoja. Yakikuzidi, tazama kandambili." Wachimbaji walishuka na mabuti, kandambili wakaziacha juu. Jozi iliyobaki, mwenyewe yuko chini.

Masanja wa Nkome hakuacha utani: "Mama Kulwa, ukinisahau nitakuja kukudai chai ndotoni!" Nilicheka.

Akaja msimamizi mpya. Akanibandika hesabu ya viroba vya mawe, simu za wanunuzi, dizeli ya kompresa inayosukuma hewa shimoni. Jamani, kichwa kina mikono michache. Ukikijaza kitaangusha kitu, na hakikuulizi kiangushe kipi.

Basi siku hiyo ya kandambili, watu walikuwa wanapanda ili tulipue. Nimefika tita la Nkome, msimamizi akadakia, "Viroba vingapi vimepanda?" Nikamjibu. Kurudi kwa Nkome, kichwani patupu, na kandambili za kutazama bado zimo kirobani mwake. Masanja nilimwona akitoka, au ile ilikuwa jana?

"Sema wametoka, wageni wanasubiri!"

"Sijui."

"Hujui nini? Si umesoma wewe?"

"Sijui kama Masanja ametoka. Hakuna kuwasha!"

Mpiga baruti akaachia waya. Mkuu wa winchi akashusha kamba, tukangoja. Mwishowe kamba ikatikisika. Masanja akapanda, uso vumbi tupu, akauliza nani kamchukulia kandambili zake.

Jioni ile nilifukuzwa. Kesho yake nikaenda ofisi ya madini.

"Sasa mama," karani akaniuliza, "kwani nani amekufa?"

"Hakuna. Nimewahi."

Nikaandika: "Nalalamika kwamba msimamizi wangu alinilazimisha kusema watu wametoka wakati sijui. Kazi siitaki tena, na fidia sidai. Naomba anayekaa mdomoni mwa duara asipewe kazi nyingine yoyote. Na akisema hajui, baruti isiwashwe."