Mama wa Marehemu katika Filamu ya Calvince

Damaris Omosa hakuwahi kuomba kuigiza. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mikungu ya ndizi ya kupanga kila asubuhi sokoni Keumbu, na goti la kushoto lililokuwa limeanza kukataa kukunjika. Aliyemfuata ni Calvince Ochanda, kijana wa kutoka upande wa ziwa aliyefungua studio Kisii mjini, mpiga video za harusi na mazishi.

Ndiye aliyepiga video ya mazishi ya Haron, kifungua mimba wa Damaris. Haron alikuwa mwendesha bodaboda. Miaka minne iliyopita watu walimuua wakachukua pikipiki, na mpaka leo hakuna aliyemweleza mamake ni akina nani.

Calvince aliketi juu ya kreti tupu, akazungukazunguka na maneno. Mwishowe akasema anatengeneza filamu ya majambazi na anahitaji mama wa kumtambua mwanawe mochari. Orpah, muuza nyanya wa kibanda cha pili, alimwambia Damaris amfukuze. Hakumfukuza. Baadaye alituambia sisi wenzake wa sokoni kwamba alikuwa amechoka na watu wanaoshusha sauti kila akipita. Huyu angalau alisema anachotaka.

Walipiga picha Jumanne asubuhi katika ghala tupu kule Kiogoro. Aliyelala mezani chini ya shuka jeupe ni Bosire, kijana aliyeigiza kiongozi wa genge, amepakwa unga usoni. Calvince alikuwa ameandika kwamba mama apige mayowe, aanguke, aape kulipiza kisasi. Damaris hakufanya hata moja. Alifunua shuka, akatazama kwa muda mrefu. Akampangusa unga kwenye nyusi kwa kidole gumba, kisha akaenda upande wa miguu kufunika unyayo uliokuwa nje.

“Amekonda,” akasema.

Mabega ya Bosire yakaanza kutikisika chini ya shuka. Maiti alikuwa analia. Calvince alizima kamera, na hakuthubutu kuwaambia warudie.

Damaris hakuja sokoni siku mbili. Orpah alipokwenda kumwangalia, alimkuta amelala mchana na viatu miguuni, chai imepoa kando.

Miezi mitatu ikapita. Filamu ikaonyeshwa Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja mjini, na sisi wa Keumbu tukajaza safu tatu za mbele. Lazima niseme ukweli: waliigiza. Angwenyi, mwalimu mstaafu, alikuwa mpelelezi, na jinsi alivyokuwa akikoroga chai bila kumtazama mshukiwa, ungekiri hata kosa la jirani yako. Bosire alitisha. Damaris alipofunika ule unyayo, wanaume waliinamisha vichwa.

Lakini hadithi yenyewe ilikuwa kama gunia lililotoboka. Genge liliteka lori la majani chai, na lori halikuonekana tena. Mpelelezi alikuwa na mke asubuhi. Jioni alikuwa mjane, na hatukuambiwa mke alikufa kwa nini. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, Bosire, yuleyule marehemu, akashuka kwenye pikipiki na kuanza kufyatua risasi.

“Si alikufa?” mtu akauliza nyuma yetu.

“Steringi wa filamu hafi,” mwingine akamjibu, na watu wakacheka, wakapiga makofi.

Damaris alikaa hivyohivyo, mikono mapajani. Nje watu walimpongeza mmoja mmoja, naye akaitikia kwa kichwa tu. Kisha akamwendea Calvince.

“Yule kijana alirudi vipi?”

Calvince alieleza kwamba sehemu ya kueleza waliipiga siku ya mvua, sauti ikaharibika. Tena Bosire alikuwa mzuri mno. Ingekuwa hasara kumwacha amekufa.

“Na mamake aliambiwa kwamba yuko hai?”

“Hiyo hatukuifikiria, Mama Haron.”

“Basi pale mezani alikuwa nani?”

Calvince alitazama chini. “Sijui,” akasema.

“Ulinifanya nimlilie mtu,” Damaris akamwambia polepole, “na wewe mwenyewe humjui.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, Calvince alituambia baadaye.

Wiki iliyofuata alimletea kurasa mbili, mama akutane na mwanawe na kumkumbatia. Damaris alizisoma akiwa ameegemea ndizi, akazirudisha. Alisema furaha hiyo haijui, hawezi kuidanganya. Calvince akajaribu kuikata sehemu ya mwisho. Akaipeleka Nyamira bila Bosire kufufuka, na watazamaji wakadai filamu imekatika. Akairudisha kama ilivyokuwa. Ikafika mpaka Nyamarambe, na huko nako watu wakacheka palepale.

Bosire alikuja sokoni siku moja, akasimama kibandani na kofia mkononi.

“Samahani, Mama. Niliambiwa niamke.”

Damaris alimtazama, kisha akacheka hadi akashika goti. Orpah alisema kicheko kile hakuwa amekisikia tangu Haron azikwe. Kilipoisha, alifuta macho kwa leso na kumwambia Bosire aende zake, mahali hapo ni pa kazi.

Mwaka huu Calvince amekuja na wazo la filamu nyingine, na nafasi kubwa zaidi kwa Damaris. Jibu lake lilikuwa fupi: aiandike kwanza mpaka mwisho, kisha aje amsomee. Sasa huja Jumatano, soko likipoa. Husoma akiwa kwenye kreti, naye Damaris anasikiliza amefumba macho, huwezi kujua kama amelala.

“Huyo dereva uliyemwacha pale darajani,” alimwuliza wiki iliyopita, “alienda wapi?”

Calvince alifunua kurasa mbele na nyuma. Hakumwona.

“Nenda ukamtafute,” Damaris akasema, na akaanza kufunika ndizi.