Trauti wa Elkanah

Mwaka wa tisini na nne Elkanah alirudi nyumbani Khayega kutoka Mlima Elgon, alikokuwa akitunza mabwawa ya trauti, samaki wa maji baridi, tangu ujana wake. Wenzake hurudi na redio au baiskeli. Yeye alishuka kwenye pikapu ya rafiki yake Kibiwott na pipa la maji baridi lililozungushiwa magunia yaliyoloweshwa, ndani vifaranga vya samaki. Mkewe, Jescah, alilitazama pipa lile kama ameletewa mke mwenza.

Trauti hawezi maji ya uvuguvugu, na yaliyosimama humuua. Kwa hiyo Elkanah alijenga kidimbwi cha mawe chini ya chemchemi yetu, akakifunika kwa majani ya migomba, na akatega bati ili maji yaingie kwa kuanguka, yabebe hewa. Aliwalisha maini yaliyokatwakatwa. Maini! Sisi wanawake tuliokuja kuteka tulicheka hadi mbavu zikauma, maana majumbani mwetu tulikuwa tunakula mboga.

"Mama Shikanga, njoo uwaone wakirukia chakula," alimbembeleza mkewe kila jioni.

"Niko na kazi."

Jescah alilea watoto peke yake, mume akionekana Krismasi kwa Krismasi. Alimtamani miaka yote hiyo. Sasa amempata, kumbe mwenzake anautamani mlima.

Januari jua liliwaka, chemchemi ikapungua. Kwetu chemchemi haina mwenyewe na hanyimwi mtu maji. Mitungi ilipangwa tangu alfajiri, na kila tulipoteka, bati lilibaki kavu. Samaki walijazana chini yake wakitweta. Elkanah hakutuomba tungoje. Alishika sufuria, akawa anachota maji ya kidimbwi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Alifanya hivyo kutwa, huku akiwaopoa waliokufa, mpaka akabaki mmoja.

Jescah alipokuja kuteka na kumkuta hivyo, aliweka mtungi chini. Akafunga leso vizuri kiunoni, akachukua bakuli, akachota pamoja naye.

"Nilitaka tu uone kitu kilinikalisha huko," Elkanah alisema.

"Mimi nilikuwanga nafikiria ni mwanamke. Heri angekuwa mwanamke, ningekuja kumfukuza." Jescah alimwaga maji. "Nimemwona sasa, Baba Shikanga. Ni mzuri. Na mimi je, utaniona lini?"

Waliendelea kuchota hadi samaki akageuka tumbo juu. Basi Elkanah alimzika kando ya migomba, akaujaza mtungi wa Jescah, akauinua begani mwake mwenyewe. Mwanamume mzima, mchana kweupe, amebeba maji! Walipanda kilima bega kwa bega.

Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi sikuweza. Mume wangu bado yuko Nairobi, na mtungi wangu ulikuwa umejaa, ukingoja nijitwishe.