Harufu ya Boksi Lililoloa

Nilikuwa kwenye kibanda cha maegesho ya hoteli, katika mji wa Kimarekani wa Alexandria, Jumanne asubuhi, simu ilipoita nikaambiwa mtani wangu amefariki. Sikushtuka, na hilo ndilo lililonitisha. Mnaosoma safu hii mnajua sina tabia ya kuwapamba marehemu. Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma, mhudumu wa mgahawa wa hoteli hiyohiyo, na kwa miaka mingi tulitaniana kila siku ya kazi, mimi Mnyamwezi wa Tabora nje na magari, yeye ndani na chupa. Alikuwa na pua. Hata wakubwa zake wenye vyeti vya mvinyo walimwita anuse kabla chupa haijafika mezani. Nitakalolieleza hapa sijalisema kwa mtu ila kwa mjane wake, naye ameniruhusu niliandike.

Alipenda divai moja ya Kireno, nyekundu, kavu, isiyo na chembe ya utamu, iliyochanganywa zabibu za aina tatu. Alikulia jirani na mashamba ya mizabibu, lakini alisema kwao walikunywa bila kungoja. Kungoja alijifunzia huku. Alinunua chupa sita za mavuno ya mwaka mmoja, akazilaza kwa ubavu sakafuni mwa kabati la nguo, nyumbani kwake Annandale, nyuma ya makoti, mbali na joto. Kila mwaka, Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, alifungua moja baada ya chakula cha mchana ili tuonje imefika wapi. Ya kwanza ilikaza ulimi kama ganda la ndizi mbichi. "Mtani, umenitilia dawa ya mende?" nikamuuliza. Akacheka mpaka akaweka glasi chini. "Kunywa, mpagazi wee! Babu zako walipita kwetu na pembe mabegani, hata maji mazuri hawakuyajua." Kisha akanifundisha: itikise kidogo, inuse, ndipo uinywe, ukakasi ule utalainika kwa miaka. "Ila ukisikia harufu ya boksi lililoloa mvua," akasema, "usimuulize mtu. Kizibo kimeiharibu. Mwaga." Ya pili ilikuwa imelegea kidogo. Ya tatu ilinukia zambarau zilizokauka, na ukakasi umebaki pembeni tu mwa ulimi. Hata mimi nilielewa alichokuwa anakingoja.

Siku ya chupa ya nne tulikuwa watatu, yeye, mkewe na mimi. Akamimina, akanusa kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akafumba macho. "Imeiva," akasema. "Mnaona? Imeiva." Nikainua glasi yangu. Boksi lililoloa. Wala si kwa mbali. Ilikuwa kama kufungua mlango wa stoo iliyoingia maji. Nikamtazama, nikidhani ananipima. Hakuwa ananipima. Alikunywa kwa furaha. Mkewe alikuwa ameshika glasi yake bila kuinywa, ananiangalia. "Shemeji," akasema, "mbona leo hutanii?" Nikajibu, "Leo imenishinda. Nzuri." Nilisema hivyo kwa sababu niliishia darasa la saba na kazi yangu ni kuegesha magari ya watu. Nilijiambia, pua yangu ni nani mbele ya pua ile? Tukaimaliza chupa. Nilipokuwa naagana nao, harufu ile ilikuwa bado kwenye masharubu yangu.

Baada ya hapo mambo yalikuja moja moja, kila moja dogo. Maharage yaliungua jikoni naye ameketi hapohapo anasoma gazeti. Mgahawani mteja alirudisha chupa aliyoipitisha yeye, kisha mwingine. Alisema ni mafua, ni baridi ya huku. Majira ya joto yakaja, mafua yakabaki. Alipoanguka kwenye ngazi za hoteli, walimpiga picha ya kichwa wakakuta uvimbe nyuma ya pua, uliokua polepole. Daktari akamuuliza ni lini alianza kutosikia harufu. "Mimi?" akasema. "Mimi nasikia vizuri." Mkewe, aliyekuwapo, akatazama sakafu. Mimi sikuwapo, lakini swali hilo lilikuwa langu kulijibu. Siku niliijua, na saa niliijua.

Sisemi ningemwokoa. Daktari hakusema hivyo, nami sitajipa ukubwa huo. Nasema tu kwamba kwetu mtani hapewi ruhusa ya kucheka bure. Anapewa ili awepo mtu mmoja anayeweza kukwambia shati lako limechanika, mtoto wako mwizi, sura yako ya mgonjwa, na usimkasirikie. Huku tumekuja na vicheko, ile kazi tumeiacha uwanja wa ndege. Tunakutana kwenye harusi, tunaambiana "umependeza", na miezi miwili baadaye tunakutana tena kwa msiba tukiulizana, alianza lini kuumwa?

Jumamosi iliyopita shemeji aliniita, akatoa chupa ya tano. "Ifungue wewe," akasema. Nikamimina, nikanusa. Ilikuwa laini, nzima, imeiva kweli, na nililia kabla sijainywa. Nikamwambia, "Hii ni nzima, shemeji. Ile ya nne ilikuwa imeharibika."

"Najua," akasema. "Niliinusa kabla yako."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie mume wangu pua yake imekufa, mbele ya mgeni? Nilikuwa nakungoja wewe, mtani wake. Si ndiyo maana nikakuuliza mbona hutanii?"

Chupa ya sita amenipa. Imelala kwangu nyuma ya makoti, na sijui ndani yake kuna nini. Ninachojua ni kile alichonifundisha mwenyewe, nami nikakisikia nusu. Ukisikia harufu ya boksi lililoloa, usimuulize mtu. Sema.